Kabla Watoto Hawajaingia Majini

Asubuhi ile ya mtaa wa Soweto naikumbuka mpaka leo, mdogo wangu, na mikono yangu inaikumbuka kunizidi. Nikigusa pampu, vidole vinatafuta kwanza waya mmoja.

Nilishuka kutoka kijijini Uru na ndoo yangu ya klorini, dawa ya kusafishia maji, kwenda kwa Mama Nasim, bibi mwenye duka la vitambaa mjini. Wajukuu zake walikuwa wanakuja likizo, akataka bwawa la kuogelea la nyumbani kwake liwe tayari. Kazi hiyo nilijifundisha kwa video za simu. Nilikuwa makini hadi kujiumiza: maji nilikuwa nayapima, nayapima tena, na usingizini nayaota. Pampu mpya niliifunga mwenyewe, pamoja na nyaya zake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leseni yako iko wapi?"

Nikacheka. "Mama, si unaona maji yalivyo safi? Gazeti likizama unalisoma."

"Gazeti mimi nasomea barazani. Maji unayapima kila ukija. Wewe umepimwa na nani?"

Nikainamia ndoo yangu. Nikwambie wewe nisilomwambia yeye: kukata leseni hakukunitisha. Nilichoogopa ni mtihani wa ufundi unaotangulia. Kwa kuwa nilijifundisha mwenyewe, lazima kuna kitu sikijui, na niliogopa mtu mwingine akione.

"Basi wajukuu zangu hawaingii humu mpaka upimwe," akasema.

Nikaenda kujiandikisha chuo cha ufundi, nimenuna. Siku ya mtihani, mwalimu akanionyesha pampu kama ile niliyoifunga.

"Waya wa ardhini uko wapi?"

Huo ndio waya unaopeleka umeme chini ukivuja, usije ukaingia majini. Kwenye pampu ya Mama Nasim nilikuwa nimeukata na kuuficha ndani ya kiboksi. Niliona unaharibu mpangilio wa nyaya zangu.

Nilitoka nje bila kuaga. Nikampigia Mama Nasim; simu iliita, ikaita. Likizo ilikuwa imeshaanza. Alipopokea nikasikia mtoto anapiga kelele nyuma yake.

"Mama! Watoto wako wapi?"

"Wako hapa wananililia. Geti la bwawa lina kufuli, na ufunguo ninao mimi. Umepimwa?"

Nikakaa chini kwenye nyasi. "Nimefeli, Mama. Usiwashe pampu."

"Haya. Rudi ukasome."

Nilirudi, nikasoma, na leseni nikaipata. Sasa wewe unaniambia una wateja wako wawili wa mabwawa, na leseni utakata mambo yakikaa sawa. Mdogo wangu, nakuomba. Nenda chuo kwanza. Ufeli ikibidi. Ukifaulu, pita manispaa ukate leseni, ndipo ushike pampu ya mtu. Kuulizwa kunauma siku moja tu. Mimi hadi leo najiuliza ingekuwaje kama yule mama angenionea haya.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza mapema. Na kila mtoto atakayeingia kwenye maji uliyoyaandaa, atoke analia kwa sababu hataki kutoka.