Mikono Nyuma

Pale chekechea hakuna mtoto aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwalimu Mikono, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Tangu itangazwe kwamba darasa lake litakwenda makumbusho kuona vitu vya Misri ya kale, kauli yake ilikuwa moja, asubuhi mpaka mchana: "Mikono nyuma!" Watoto walitazama mvua dirishani, mikono nyuma. Walipanga foleni ya chooni, mikono nyuma. Mmoja alijaribu hata kunywa maji hivyo hivyo, akalowa kifua kizima.

Usidhani alikuwa mkali. Huyu ni mwalimu aliyewahi kumbeba mgongoni mtoto mwenye homa mpaka kwao, kisha akarudi kumchukua mdoli wake. Lakini makumbusho yalikuwa na kisa chake, na kwa miaka arobaini na moja kisa hicho alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu, mume wake.

Alikuwa na miaka saba. Darasa lao lilipelekwa kwenye jumba hilo hilo, ambako vitu vya Misri vilipangwa katika vyumba viwili. Chumba cha kwanza alikuwepo paka wa jiwe, ameketi wima, masikio juu, hana kioo wala kamba. Mtoto wa watu akanyoosha kidole amguse pua. Pua tu, basi. Mlinzi akamdaka mkono, akamwambia mbele ya wenzake kwamba pale si mahali pa watoto wasiofunzwa adabu kwao, akamtoa nje. Alikaa kwenye ngazi mpaka wenzake walipotoka, wanapigana vikumbo, kila mmoja anasimulia chumba cha pili. Kilichomuuma kuliko vyote ni lile neno "kwao", maana mama yake aliamka alfajiri siku ile kumpigia sketi pasi. Hakurudi tena, ingawa jumba lilikuwa vituo viwili tu vya basi kutoka nyumbani kwake. Kilichokuwemo katika chumba cha pili hakumuuliza mtu.

Sasa vyumba vile vilikuwa vimefanyiwa ukarabati, na barua ikaja shuleni kuwaalika hata watoto wadogo. Mwalimu Mikono aliisoma mara mbili, akaikunja, akaapa kimoyomoyo kwamba kati ya watoto wake ishirini na watatu hakuna hata mmoja atakayekalia ngazi zile.

Akaanza kazi. Madawati yalisukumwa ukutani, kamba za kuruka zikafungwa huku na huku, na kila mtoto akaambiwa alete kitu cha zamani kutoka nyumbani kiwekwe ndani ya boksi lenye nailoni mbele, liwe kama kabati la kioo. Zikaja redio zisizosema na funguo zisizo na milango. Yakaja pia meno ya bandia ya babu mmoja, ambayo babu mwenyewe aliyafuata kabla ya saa nne, amefunika mdomo kwa leso.

Ili apatikane wa kuigiza maiti ya kale iliyofungwa vitambaa, alimtafuta mume wake, fundi cherehani, mtu wa mizaha isiyoisha. Fundi alileta mfuko wa vipande vya nguo vilivyobaki dukani, akalala juu ya meza, akazungushiwa kuanzia vidoleni mpaka shingoni. Mguu mmoja ulikuwa wa maua maua.

"Amekufa?" aliuliza msichana mmoja mdogo waliyemwita Kijiko, kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikikoroge.

"Huyu ni fundi, anaigiza," alisema Mwalimu. "Lakini yule wa makumbusho amekufa, ndiyo. Zamani sana, kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa. Watu wake walimpenda, hawakutaka aharibike. Ndiyo maana wakamfunga vizuri namna hii."

"Na wakamfunga maua?"

"Hao walikuwa na nguo nyeupe tu," alijibu maiti. "Maskini, hawakupata fundi kama mimi."

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Walipita kati ya kamba mmoja mmoja, wametulia kama maji mtungini, mikono nyuma, macho mbele. Ukigusa, unatolewa nje. Hivyo ndivyo walivyoambiwa, na ndivyo walivyoshika. Siku ya mwisho ya mazoezi fundi alipiga chafya kubwa pale juu ya meza, kitambaa kikaruka, na hakuna mtoto aliyetikisika. Hata Kijiko alipita kimya, vidole amevifunga pamoja nyuma ya mgongo.

"Umewaona?" Mwalimu alimuuliza mume wake wakiwa njiani kurudi nyumbani.

"Nimewaona. Wiki iliyopita Kijiko aliniuliza kama maiti hujikuna. Leo nimemngoja aniulize kitu, hata salamu sijapata."

"Wamekuwa na adabu."

"Wamekuwa na woga, mke wangu. Nimelala pale nikajiona nimekufa kweli."

Alinuna mpaka mlangoni. Aliona mwenzake hajui uchungu wa zile ngazi.

Siku ikafika. Ngazi zilikuwa chache kuliko alivyokumbuka, tisa tu, na alizipanda upesi bila kutazama chini. Ndani walipokewa na binti aliyekuwa mwongoza wageni, mchangamfu, sauti imejaa kicheko.

"Shikamoo, Mwalimu! Karibuni, watoto! Haya, nani ataniambia anaona nini?"

Kimya. Paka wa jiwe alikuwa pale pale, ila sasa yumo ndani ya kioo. Watoto ishirini na watatu walimtazama, mikono nyuma.

"Nani ana swali?"

Kimya tena. Binti akaanza kujiuliza na kujijibu mwenyewe. Mwanzoni Mwalimu alijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akawatazama watoto usoni, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa hawamwoni paka. Walikuwa wanamtazama yeye, kujua kama wamekosea.

Wakafika mlango wa chumba cha pili. Mwalimu akaingia wa mwisho.

Kilikuwa chumba cha meza fupi. Palikuwa na sinia la mchanga wenye vitu vilivyofukiwa, vitambaa vya kufunga midoli, mihuri ya maandishi ya picha, na katikati paka mwingine wa jiwe, aliyechongwa afanane na yule wa kwanza.

"Chumba hiki," alisema binti, "ni cha kushika. Shikeni chochote!"

Hakuna aliyesogea. Binti akarudia. Mwalimu alimwona Kijiko kwa nyuma: vile vidole vilikuwa vinajisokota vyenyewe, vyekundu kwa kubanwa. Akaona aibu, akaona na huruma, vyote kwa pamoja.

"Kijiko, mwanangu, unaruhusiwa."

Kijiko alitikisa kichwa. "Ukigusa, unatolewa nje. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema. Nilikosea."

Mtoto alimkagua juu mpaka chini. "Basi wewe kwanza."

Hapo ndipo Mwalimu alipogundua kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa nyuma, mmoja umeushika mwingine. Akageuka kumtazama mlinzi aliyesimama mlangoni, mwanamume mnene mwenye miwani.

"Endelea tu, mama," mlinzi akasema. "Ndiyo kazi yake huyo paka."

Mwalimu alipiga moyo konde, akaenda mpaka mezani, akanyoosha kidole kile kile. Akamgusa paka pua.

"Yukoje?" aliuliza Kijiko.

"Wa baridi," alisema Mwalimu. "Halafu pua yake ina kijishimo, hapa. Njoo uone."

Kijiko akaja mbio. Nyuma yake wakaja wote, na kelele zikarudi zote kwa mkupuo mmoja: huyu paka ni dume au jike, alikula nini, wenyewe wako wapi, mbona hana masharubu. Binti alikuwa anajibu huku anacheka. Mchanga ulimwagika sakafuni, na Mwalimu Mikono akafungua mdomo kusema, akaufunga, akapiga magoti kuuzoa pamoja nao kwa viganja vyake.