Mianzo ya Wimbo wa Mavuno

Kaka yangu hakuwa mtu wa kupiga gitaa ambalo sauti yake haimridhishi. Alikuwa akiketi, anapitisha kidole gumba kwenye nyuzi zote, anainamisha kichwa kusikiliza, na jibu lisipokuwa lile analolitaka analiegemeza gitaa ukutani na kuomba chai. Tangu ujana wake alikuwa hivyo. Wanakwaya wa kanisa letu la Matongo walikwisha kuzoea kusimama wamevaa majoho, mchungaji akitazama saa, huku mpiga gitaa wao akizungusha vitufe vya amplifaya kama mtu anayepapasa kitu alichokidondosha gizani. Nilimheshimu kwa tabia hiyo. Katika miaka ambayo kila mtu pale kijijini alikuwa amejifunza kuharakisha na kuridhika na chochote, yeye bado alithubutu kusema kwamba jambo halijawa sawa.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Haikuwa siri kilichoitetemesha. Kwa miaka mingi, tangu dhahabu ilipoyageuza mashamba ya mihogo kuwa mashimo, kaka alikuwa akinunua mchanga wa mawe yaliyosagwa, anauosha, anauchanganya na zebaki, kisha anaichoma zebaki ile juu ya jiko la mkaa uani kwake, katika kikaangio ambacho zamani kilikaangiwa samaki, mpaka moshi uishe na punje ya njano ibaki. Nilimkemea. Nilimletea makala, nikamsomea kwa sauti. Alinisikiliza kwa adabu ambayo watu humpa mwalimu, akasema, "Mura, mshahara wako wewe hauna moshi." Mura ndivyo wanaume wa Kikurya tunavyoitana, na kaka alipoliweka neno hilo mbele ya sentensi nilijua kwamba mlango umefungwa. Daktari wa Mugumu alipomwambia aache, aliacha siku ileile. Lakini daktari huyohuyo aliniita kando akaniambia kwamba kinachotetemeka huenda kisitulie tena, na kwamba huenda kikaongezeka.

Ndipo nilipoufikiria wimbo wa mavuno. Kaka aliutunga mwenyewe. Hauna maneno, ulipigwa wakati waumini wanaingia kanisani na mazao yao, mikungu ya ndizi, wimbi katika vikapu, mbuzi anayevutwa huku amekaza miguu. Marehemu baba alikuwa mpigaji wa iritungu, zeze kubwa la kwetu lenye nyuzi nane, ambalo uzi wake mnene hukoroma kama mzee aliyelala vizuri. Kaka aliuhamishia mkoromo huo kwenye gitaa, na kwa watu wa Matongo mkoromo ndio uliokuwa wimbo. Hakumfundisha mtu. Haukuwa umerekodiwa popote ila katika kipande kifupi nilichokichukua kwa simu siku moja ya ibada, chenye watoto wanaolia ndani na mashine za kusaga mawe zinazonguruma nje. Nikaamua kuurekodi wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika utulivu wa nyumba yangu ya Mugumu, kabla mikono yake haijaukataa.

Amplifaya yenyewe haikuwapo tena. Wenye mashine za kusaga mawe, yale makarasha, walipolizawadia kanisa spika mpya ndefu kama makabati, ile ya zamani iliuzwa kwa mfanyabiashara wa Sirari, ikavuka mpaka. Niliwaomba jamaa zetu wa upande wa Kenya waitafute. Wakanijibu kwamba ilikwisha kuvunjwa, ikatolewa shaba.

Ikabidi niigize. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na vitu vya kuigiza sivipendi, lakini sikuwa na la kuchagua. Programu za siku hizi huiga amplifaya ndani ya kompyuta. Unachomeka gitaa kwenye kisanduku kidogo, kisanduku kwenye kompyuta, na kwenye kioo inajitokeza picha ya amplifaya yenye vitufe vyake. Unachagua hata aina ya spika na mahali ambapo kipaza sauti kingewekwa mbele yake. Kompyuta huhifadhi gitaa likiwa tupu, kama lilivyotoka kwenye waya, na ile amplifaya ya kuigiza huvikwa juu yake. Ukitaka, baadaye unaivua na kuvika nyingine. Wakati huo niliyachukulia maelezo hayo kuwa ya mafundi tu.

Jumamosi ya kwanza kaka alikuja na gari la asubuhi, gitaa likiwa limefungwa ndani ya khanga ya mke wake. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwenye meza ninayosahihishia insha, hedifoni masikioni, sauti ikiwa chini ili nisiisumbue nyumba, na nilikuwa nimepata kitu kitamu. Nikamvika hedifoni. Akazivua.

"Nimewahi kumpigia nani gitaa nikiwa nimeziba masikio?"

Nikaunganisha spika, nikapandisha sauti, na ule utamu ukageuka kuwa nyuki ndani ya kopo. Kumbe kilicholainika kwa sauti ya chini masikioni hukwaruza kikitoka kwa nguvu chumbani. Kaka aliupiga mwanzo wa wimbo, vidole vikiwa bado vinamtii, akafika pale ambapo sehemu ya pili inaanza, akazifunika nyuzi kwa kiganja.

"Hapana. Hiyo si yenyewe."

Gitaa likaenda ukutani. Tukanywa chai.

Jumamosi iliyofuata nyuki walikuwa wamepungua, lakini kompyuta ilikuwa ikichelewa. Kidole kinagusa uzi, na sauti inafuata baadaye kidogo.

"Mura, nagonga hapa, anaitikia kule kijiji cha Nyambureti," kaka akasema. "Huyu umemtuma dukani?"

Nilirekebisha ucheleweshaji huo. Safari iliyofuata alikuja na mke wake, mwanamke mcheshi anayeuza dagaa sokoni, na sauti niliyowapa ilikuwa safi kama kengele. Kaka aliisikiliza kwa muda mfupi tu.

"Hii imeoga," akasema. "Sauti yangu haijawahi kuoga."

"Shemeji usihangaike," mke wake akaniambia. "Huyu hata ugali wa sembe anaukataa. Anasema mweupe mno, haujui umetoka shamba gani."

"Na kweli haujui."

"Sasa shamba utalipata wapi, na mlilichimba dhahabu wenyewe?"

Tukacheka wote, kaka zaidi yetu. Lakini nilipomtazama akipokea kikombe nilimwona anakishika kwa mikono miwili, na chai ikamwagikia kwenye goti. Tangu siku hiyo mke wangu, bila kuagizwa na mtu, akawa anammiminia nusu kikombe.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyopita. Jioni za siku za shule nilirudi kwenye meza, nikazisukuma insha pembeni, nikabadilisha spika ya kuigiza, nikasogeza kipaza sauti cha kuigiza kutoka katikati ya spika kwenda ukingoni, nikapunguza trebo, ule ukali wa sauti nyembamba, nikaongeza besi, nikaondoa besi. Nimesoma vitabu vingi juu ya wajibu wa mtu kwa nduguye, na vingine nimevifundisha. Hakuna nilichokumbuka ndani yake kilichomhusu mtu ambaye hawezi kuutuliza mkono wa kaka yake na badala yake anahangaika na kitufe cha trebo. Nilijua ninachokifanya. Nilikifanya kwa sababu kitufe kilikuwa kikinitii.

Kila Jumamosi kaka aliupiga mwanzo, na kila mara mwanzo ulikuwa umelegea kuliko wa wiki iliyopita. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilianza kuchelewa, kisha kikaanza kukosea uzi. Yeye hakulisema. Alifika pale pale, mlangoni pa sehemu ya pili, akafunika nyuzi.

"Hapana. Hiyo si yenyewe."

Nilifikia mahali nikawa sijui tena anachokikataa ni sauti au ni mkono. Siku moja nilimwomba apige tu mpaka mwisho, sauti iwe vyovyote itakavyokuwa, nami nitaishughulikia baadaye. Alinitazama kama nilivyowahi kumtazama mwanafunzi aliyeniomba alama za bure.

"Wimbo unajibizana na sauti," akasema. "Sauti isiponijibu, mimi namwendea nani?"

Ningekuwa mimi, nami nisingepiga.

Siku moja mchana, nikiwa nasahihisha insha, niliacha kile kipande cha simu kijirudie chenyewe kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimeyafukuza masikioni mambo yasiyonihusu: watoto, viti, na hasa ule mngurumo wa makarasha uliotufuata hata ndani ya ibada. Safari hii, kwa kuwa akili yangu ilikuwa kwenye insha, sikufukuza kitu. Katikati ya kipande, nje, karasha linanyamaza kidogo. Papo hapo gitaa la kaka linakuwa jembamba na kali, kama lilivyokuwa likisikika mezani kwangu. Kisha karasha linapokea mawe mengine, linaunguruma, na gitaa linainama, linanenepa, linakoroma.

Niliweka kalamu chini. Nikarudia. Ilikuwa hivyo kila niliporudia.

Kanisa na makarasha vilikuwa kwenye transfoma moja. Kila mashine ilipomeza mawe, taa za kanisa zilififia, jambo ambalo kamati yetu ya kanisa ililijadili katika kila kikao na ambalo mimi nililisemea kwa maneno makali kuliko wote. Ile amplifaya ilikuwa imepigiwa miaka yote hiyo kwenye umeme hafifu. Ilikuwa inalia kwa njaa, na sisi tuliipenda hivyo.

Ndani ya programu kulikuwa na kitufe cha kupunguza umeme unaoilisha amplifaya ya kuigiza. Nilikiona tangu wiki ya kwanza nikakipita, kwa sababu haikuniingia akilini kwamba mtu mwenye akili timamu angetaka upungufu. Nikakishusha. Nikavika sauti ile juu ya mwanzo mmojawapo uliohifadhiwa, na baba yangu akakoroma chumbani kwangu.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilikaa nikiukodolea macho ukuta. Nimesimama kwenye mikutano ya kijiji kuyalaani makarasha hayo, vumbi lake, haraka yake, vijana walioacha shule ili kuyalisha mawe, na zebaki inayofuata nyuma yake. Kitu kimoja nilichotaka kukiokoa kutoka katika uharibifu huo, uharibifu huo ndio uliokitengeneza. Sikulipenda jambo hilo, na mpaka leo silipendi. Sijapata pia mahali pa kuliweka.

Jumamosi kaka akaja. Nilimwacha aketi. Akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi, akainamisha kichwa, na akakaa hivyo bila kuinua uso.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Nimepunguza umeme."

Nikamwonyesha kitufe, nikamwelezea karasha na transfoma. Alicheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

"Na wewe ndiye ulikuwa unapiga kelele umeme uongezwe," akasema. "Wangekusikiliza, ungetuua."

Akaketi vizuri. Akaanza. Sauti ilikuwa yenyewe kiasi kwamba nilihisi kama mbuzi ataingia mlangoni. Mkono wa kulia ulitetemeka lakini ukapita. Wa kushoto ulifika mlangoni pa sehemu ya pili, na pale ambapo vidole vinapaswa kuruka pamoja, kila kimoja kikaenda kwake. Akasimama, akarudi nyuma. Vikaenda kwao tena. Akajaribu polepole, kama mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi, na vidole vikazidi kutomsikiliza. Aliujaribu kwa muda mrefu, na mimi nilikaa nimeshika kipanya cha kompyuta, nikiwa na vitufe vyote mbele yangu na hakuna hata kimoja cha kugusa.

Hatimaye alifunika nyuzi kwa kiganja.

"Safari hii si mashine yako, mura," akasema.

Akaliegemeza gitaa ukutani. Mke wangu akaleta nusu kikombe.

Tukiwa tunakunywa, nilikumbuka yale maelezo ya mafundi. Kompyuta ilikuwa imehifadhi kila Jumamosi ikiwa tupu. Niliivua ile mianzo makosa yangu yote, nyuki, kengele na kuoga kote, nikaivika yote sauti moja, ile yenyewe, nikaipanga kuanzia wa kwanza, nikamchezea. Mikono yake ya Jumamosi ya kwanza ilikuwa imetulia. Ilitembea juu ya nyuzi bila kujikwaa, gitaa likakoroma, wimbo ukapanda mpaka mlangoni pa sehemu ya pili, ukiwa na nguvu zote za kuingia. Halafu kikasikika kiganja kikizima nyuzi, na kimya.

Kaka alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Hapa nilikuwa naweza," akasema. Akanitazama. "Mbona niliacha?"

"Sauti haikuwa yenyewe."

"Kumbe," akasema. Akageukia tena kwenye spika, akainamisha kichwa kama afanyavyo anaposikiliza. "Hebu irudishe mwanzo."