Mama Pasi na Uji wa Ijumaa

Mama Pasi alikuwa dobi, na pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito hivi kwamba mwizi aliyeiiba aliirudisha kesho yake, akaomba asaidiwe kuitua. Mnaocheka, chekeni. Mkono nilioipokelea umekuwa mrefu kuliko mwenzake mpaka leo. Tulikaa ua mmoja, mlango kwa mlango, na nimeona kwa macho yangu nzi akitua kwenye shati alilolinyoosha, akateleza, akaumia mguu.

Lakini mashati ya watu yalikuwa riziki tu. Kazi aliyoipenda ilikuwa kitambaa cheupe cha madhabahu. Miaka kumi na tisa alikitia wanga na kukipiga pasi kila wiki. Kazi hiyo ilikuwa na sharti lake. Akina mama wa Umoja wa kanisa letu walifunga kila Ijumaa mpaka jua lizame. Jumamosi kwenye kikao, aliyefunga alivaa kilemba cheupe, na aliyekula alivaa cha rangi, akakaa benchi la nyuma. Asiye na kilemba cheupe hakigusi kitambaa.

Mama Pasi alifunga kwa hofu. Mumewe alipofariki, aliniambia, "Dada, ni ile Ijumaa niliyolamba mwiko." Mwiko! Aliamini Mungu yuko juu anachungulia masufuria ya watu.

Kisha mama mkwe wake akaja kukaa naye. Bibi yule alikuwa ameshasahau mambo mengi, hata jina la marehemu mwanawe, lakini jambo moja hakulisahau: mtu hali chakula peke yake. Ukimwekea uji ukasimama, naye anaweka kijiko chini. Ijumaa ya kwanza alishinda na njaa, mdomo ameufunga kama mlango wa duka siku ya msiba. Ijumaa ya pili vilevile, na miguu ikaanza kumtetemeka. Ijumaa ya tatu, saa sita mchana, Mama Pasi akavuta kigoda, akachota bakuli lake, akala naye.

Nilimsikia akiomba kabla ya kula. Si zile sala zake ndefu za kujitetea. Alisema tu, "Baba, asante, tuko wawili, karibu." Kisha bibi akacheka, wakala.

Alikuja kwangu uso unang'aa. "Dada, nilingoja niogope, sikuogopa. Miaka yote hii kumbe nilikuwa namlipa aliyekwisha kunipenda bure."

Furaha ya namna hiyo haikai kifuani. Akampelekea Katibu wa Umoja, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyesukana naye nywele tangu usichana. Alitaka Jumamosi ile avae kilemba cha rangi, aseme wazi. Katibu akamshika mikono.

"Usijifanye mjinga, shoga. Vaa cheupe. Umemlisha mzee, dhambi iko wapi? Siri hii ni yangu na yako."

Akavaa cheupe. Ndilo kosa lake, na silifichi.

Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba askofu atatutembelea. Siku hiyo kitambaa hupelekwa madhabahuni na aliyekinyoosha, mbele ya watu wote. Kwenye kikao Mchungaji akauliza kama kawaida, "Kuna mwenye neno?" Katibu akasimama. Alikuwa na machozi, ya ukweli kabisa, sijui aliyatoa wapi.

"Tumwombee mwenzetu Mama Pasi. Anakula Ijumaa, kisha anavaa cheupe mbele za Mungu."

Akamvua nguo hadharani, hivyohivyo. Mama Pasi alimwangalia tu, kama mtu aliyemwagiwa maji na anatafuta mvua ilikotoka. Akakifungua kilemba mwenyewe, akaenda benchi la nyuma kichwa wazi. Kitambaa akapewa Katibu.

Sasa sikilizeni. Ijumaa ya wiki ya ujio wa askofu, mchana, Katibu akaingia uani kwa mlango wa nyuma, kabeba mfuko mweusi. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni kwangu, na sikio langu halina pazia.

"Shoga, nisaidie. Pasi imekipitia."

Kitambaa kilikuwa na alama ya kahawia katikati, umbo la pasi kamili, na wanga umeganda mabonge.

"Hodi hubishi siku hizi?" Mama Pasi akauliza.

"Yaishe basi. Nilisema kwa faida ya roho yako."

"Na kitambaa umeleta kwa faida ya roho ya nani?"

Kabla hajajibu, bibi aliyekuwa mezani akakinyakua kitambaa, akakikalia. "Mgeni hajala," akasema.

"Nimefunga, mama."

"Mgeni hajala!"

Walivuta, walibembeleza. Bibi alikuwa mzito kuliko ile pasi. Mwishowe Katibu akachungulia mlangoni, akakaa, akala vijiko vitatu vya uji.

"Maliza," bibi akasema. Akamaliza. "Ongeza." Akaongeza. Nami nasema haki, bakuli la pili hakulazimishwa sana.

Mama Pasi akakipaka kitambaa ndimu, akakianika juani, akakifua, akakitia wanga upya, akakinyoosha. Alama ikatoka. Katibu akaondoka nacho bila kuangalia nyuma.

Kesho yake kwenye kikao Katibu alikaa mbele, kilemba cheupe pe. Mama Pasi benchi la nyuma, kilemba cha bluu, nami nimemfuata hukohuko. Mchungaji akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikamkanyaga Mama Pasi mguu. Neno moja tu lingemrudishia miaka kumi na tisa. Shingo ya Katibu ilikakamaa, nikaona jasho. Mama Pasi alimngoja asimame mwenyewe. Alingoja mpaka sala ya kufunga kikao.

Jumapili askofu alikisifu kitambaa. Katibu akainama, akapokea sifa.

Njiani Mama Pasi alilia. Nikamkemea, "Mbona ulinyamaza?"

"Uji ule aliula mezani kwa mama, dada. Siwezi kumfanyia alichonifanyia mimi, hata nikitamani. Na ninatamani."

"Utarudi kufunga, wakurudishe?"

"Nikifunga siku moja, nitafunga kwa sababu namtaka Yeye. Kilemba wabaki nacho." Akajifuta pua. "Lakini rafiki yangu nilimtaka, dada. Huyo namlilia."

Hakumwambia mtu. Mimi sikuapishwa.

Ijumaa iliyofuata, saa sita, nilisikia mabakuli yakiwekwa. Bibi, aliyemsahau hata mwanawe, akaangalia mlango wa nyuma.

"Yule mgeni wetu anayependa uji, haji?"

Mama Pasi akamjazia bakuli.

"Haji, mama. Leo amefunga."