Birika la Bibi Mashineni

Juzi, nikisubiri daktari Kilifi, nilikalia benchi la plastiki iliyosagwa, lenye chembe za kila rangi. Nikajikuta natafuta za kijani.

Nilipokuwa mdogo, Mama alifanya kazi Malindi, kwenye yadi ya kusaga plastiki. Alasiri moja nilimpelekea chakula. Mashine ilinguruma hata ardhi ikanitekenya nyayo, na hewa ilinuka sabuni. Ndoo na chupa kuukuu zilipanda kwa mkanda, zikasagwa, zikamwagikia kwenye tangi la maji. Chembe za ndoo zikaelea, za chupa zikazama.

"Halafu zinakuwa nini?" nilipaza sauti.

"Ndoo mpya!"

Mpya! Nilitimua mbio hadi nyumbani. Birika la kijani alilotawadhia Bibi lilikuwa na ufa. Nikalichukua kimyakimya, nikalipandisha kwenye mkanda Mama akiwa amenipa mgongo, nikazunguka upande wa pili na kukinga mikono nipokee birika jipya, moyo ukinidunda kwa furaha.

Zikaelea chembe za kijani. Nikadhani mashine imechoka tu. Nikaziopoa kwa mtandio wangu, nikampelekea Bibi, aliyekuwa akihangaika kutafuta birika lake kabla ya swala.

"Bibi, lote limo humu. Bado kuunganishwa tu."

Bibi aliutazama mtandio, akanitazama mimi, akachota maji kwa kopo. "Basi zirudishe, mwanangu, wakamalize kazi yao."

Nilizirudisha mbio.

Na juzi, kwenye benchi lile, niliiona moja karibu na paja langu, kijani kile kile. Nikasogea, nisiikalie.