Ya Tatu Ni Yangu

Mlinzi wa uwanja wa tenisi laini hapa Riyadh, aliyeletwa kutoka bandari ya Jeddah kwa ajili ya mashindano haya, husimama akiupa mchezo mgongo, kwa sababu kazi yake ni kutazama watu. Mechi za timu za wanaume amezisikia tu. Mpira ule wa raba ukipigwa sawasawa hulia kama kofi kwenye godoro, naye hutabasamu; ukinasa kwenye neti, hukunja midomo kabla mashabiki hawajaguna. Ukiangukia kwake, huuminya kwa kidole gumba kujua kama una upepo wa kutosha, kisha huurusha nyuma bila kugeuka. "Fainali ina mechi tatu," aliniambia ndani ya basi ninaloendesha. "Ya tatu ni yangu, bro. Mlinzi mwenzangu Nehemiah atanishikia zamu, nikae kama watu." Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba timu ikishinda mbili za kwanza, ya tatu haichezwi. Siku yenyewe, timu iliyoshinda mechi ya kwanza iliposhinda na ya pili kwa shangwe, alivua koti la kazi, akapanda jukwaani, akaketi kando yangu, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kanisani. Chini, wachezaji walikuwa wakipeana mikono. "Wanaanza saa ngapi?" aliniuliza. Msimamizi akapiga makofi: "Halas, yamekwisha! Yalla, haya, watu watoke!" Mlinzi akautazama kidogo uwanja uliobaki mtupu. Kisha akavaa koti, akashuka hadi mahali pake, akaupa mgongo.