Tumbawe la Utemini

Wakati serikali ilipoanza kuhimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa mke mpya Singida, na Singida nilikuwa siipendi. Nilizaliwa Tanga, karibu na ufuko. Mume wangu alikuwa na duka la nguo Utemini, nasi tuliishi nyuma yake. Majirani walinisalimu kwa Kiswahili, kisha wakarudi kwenye Kinyaturu chao, nami nikabaki mlangoni nikitabasamu bila kuelewa neno.

Kaka yangu, aliyekuwa akipiga mbizi kutafuta kombe za baharini, alisikia nimekonda kwa kukumbuka kwetu. Akaja kwa treni mpaka Manyoni, kisha kwa lori, ndoo ya plastiki yenye maji ya bahari ikiwa magotini pake safari nzima. Ndani mlikuwa na tumbawe hai, kubwa kama ngumi. Mimi niliona jiwe tu.

Jirani yetu, mama wa Kihindu mwenye duka la vyakula, alitupa chupa pana ya kioo aliyokuwa akiwekea achari. Tuliisuuza mpaka harufu ya haradali ikaisha. Tukalihamishia tumbawe humo, tukalala. Asubuhi jua lilipoingia dirishani, jiwe lilikuwa limechanua. Vikonyo vyembamba vya kahawia vilikuwa vimetoka, kila kimoja na ua nchani kama alizeti iliyo ndogo kuliko kifungo cha shati, vyote vikiyumba pamoja. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo.

Kabla hajarudi Tanga, kaka alinifundisha kulitunza. Jua la asubuhi tu. Maji yakipungua kwa joto, niongeze ya mvua, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Chuma kisiguse maji. Ziwa la mjini lina chumvi, lakini aliyaonja maji yake, akatema, akanikataza kabisa. Hewa ilitoka kwenye tyubu ya baiskeli tuliyoijaza kwa pampu, ikapita polepole kwenye mpira mwembamba mpaka majini. Na dereva aliyemletea mume wangu mizigo kutoka Dar es Salaam alikubali kunichotea maji ya bahari katika chupa kubwa ya kioo iliyovalishwa kikapu.

Tuliendelea vizuri hadi mvua zilipokuwa kubwa na barabara ikakatika. Lori halikuja. Maua yakajifunga, na upande mmoja wa tumbawe ukaanza kuwa mweupe. Nilikuwa na mimba changa, natapika kutwa, siwezi hata kuinama, na ni yule mama wa Kihindu aliyekuja kila jioni kujaza tyubu upepo.

Siku moja mzee mmoja alisimama mlangoni na baiskeli iliyojaa tope, chupa ya dereva imefungwa nyuma kwa kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Alikuwa muuza asali. Alikuwa amelikuta lori limezama njiani, na dereva akamwambia kwamba kwa mwenye duka la nguo Utemini kuna mgonjwa atakayekufa asipopata maji yale. Mzee akashusha madebe yake ya asali, akamwachia dereva, akaisukuma baiskeli kwenye matope sehemu kubwa ya njia.

Nilimwingiza ndani nikamwonyesha chupa. Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Akauliza linakula nini, na kama lina damu. Nilimweleza nilivyoelezwa na kaka, kwamba ni wanyama wengi wadogo wanaoishi katika nyumba moja ya mawe. Nikabadilisha maji kidogo kidogo kwa kikombe, naye akanywa uji akisubiri, hataki kuondoka. Mchana ua moja likatoka, kisha mengine.

"Nilidhani dereva amenichezea," akasema taratibu. "Kumbe mgonjwa yupo kweli."

Tangu hapo hakuja mjini bila kupita kwetu. Siku nyingine alimleta mkewe, na huyo mama ndiye aliyenifundisha kusalimia kwa Kinyaturu, akinirudisha nyuma kila nilipokosea. Wanawake wa mtaa nao wakawa wanaingia kutazama, na wakiingia wanakaa, na wakikaa tunazungumza.

Baridi ya kipupwe ndiyo iliyoliua tumbawe. Kila siku lilichanua kidogo kuliko jana yake, mwishowe halikuchanua tena. Mama wa Kihindu alikaa nami siku nzima, wala hakuniambia kwamba ni kitu tu. Kaka alituma salamu kwamba matumbawe ya aina ile aliyowahi kuona yakitolewa baharini yalikufa kabla juma halijaisha.

Mtoto alipozaliwa, biashara ilikuwa imebana, duka la ushirika limefunguliwa jirani, na mume wangu akaniuliza kama turudi Tanga, akijua nitafurahi. Nilikuwa nimetoka kupokea uji wa lishe ulioletwa na mke wa muuza asali, aliyelala kwetu tangu nijifungue.

"Tubaki," nikamwambia.

Alinitazama kama hakusikia vizuri. Nikarudia. Juma lililofuata alianza kuulizia kiwanja cha kujenga Mandewa, hapo hapo Singida.