Siku Niliyompa Shehe Mgongo

Juzi nilikuwa Gombani kwa mjukuu wangu. Tumekula, tumeshiba, wakawasha televisheni. Kulikuwa na mashindano ya maswali baina ya skuli mbili, watoto wamekaa nyuma ya meza, taa zinawamulika, kengele inalia mtu akikosa. Wamefungana, limebaki swali moja tu. Basi moyo ulinienda mbio hata nikaweka kikombe chini nisije nikaimwaga chai. Wajukuu wakanicheka, wakasema Bibi, huo ni mchezo tu. Wangejuaje kwamba na mimi niliwahi kusimamishwa mbele za watu kwa swali la mwisho, na kwamba sijawahi kuogopa namna ile tena, si kwa uchungu wa uzazi wala kwa jambo jingine lolote?

Mimi nilikulia Mgogoni kwa bibi mzaa mama. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu, nguo adimu, mchele wa shida, na sisi tukila muhogo asubuhi, muhogo mchana, na jioni tukibahatika, muhogo wa nazi. Bibi alikuwa na chuo cha Kurani barazani kwake. Watoto wote wa upande wetu wa bonde walisoma kwake, na hakuna aliyemwita Bibi isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe saa za kusoma nilimwita Mwalimu kama wenzangu. Msimu wa karafuu ukifika tulisoma huku tunachambua, karafuu upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, upande ule, vidole vyeusi vinanata, harufu inaingia mpaka kwenye chakula. Bibi alitufunza mengi zaidi ya herufi katika saa zile. Alitufunza udhu, saumu, sala, haki ya jirani, na jinsi ya kuanika karafuu zisiharibike, vyote kwa sauti ile ile.

Sikio lake lilikuwa kali. Aliweza kuwa jikoni anakuna nazi, mtoto barazani akateleza herufi moja, ukamsikia kutoka kule kule: "Rudi." Ndiyo maana siku niliyokosea aya nzima mbele yake, naye ameinamisha kichwa anasuka ukili, asiseme kitu, mwili ulinisisimka. Nikajaribu tena kesho yake, makusudi. Kimya. Nikaanza kumchunguza. Nikagundua kwamba Bibi anasahihisha pale tu anapomtazama mtu mdomoni. Akitazama pembeni, umwite usimwite, ni mamoja.

Sikumwambia mtu. Kwani tayari kulikuwa na maneno. Ng'ambo ya bonde palikuwa na chuo kingine, mwalimu wake mwanamume, kijana, ana sauti nzuri ya kusoma maulidi. Wazee wengine walikuwa wakisema vyuo viwili kwa watoto wachache ni anasa, bora kiwe kimoja. Na baba yangu, aliyekuwa Chokocho na mke mwingine, alishatamka kwamba chuo kikifungwa, Bibi atachukuliwa na mjomba na mimi nitarudishwa Chokocho. Mama wa kambo yule nilikwisha kukaa naye mwezi mmoja. Sitaki kumsema, keshatangulia mbele ya haki, lakini kwa kurudi kule mimi niliona bora nizikwe.

Ikaja Shaaban, na kabla ya Ramadhani ilikuwa desturi vyuo kushindanishwa. Mwaka ule wazee waliamua kwamba chuo kitakachoshinda ndicho kitakachobaki. Wakamwita shehe kutoka mjini aje kuuliza. Na mashindano yetu yalikuwa na sharti lake: mtoto akishajibu, shehe hasemi kitu kwanza. Anamtazama mwalimu wa mtoto yule, na mwalimu lazima atamke mbele ya watu, "Ni yangu," yaani jawabu hiyo nimeifunza mimi, au "Si yangu." Akiikubali jawabu mbovu, aibu ni yake. Akiikataa jawabu nzuri, pointi imepotea. Hapakuwa na njia ya kukwepa. Ilimbidi Bibi asikie.

Siku ile ilikuwa Ijumaa asubuhi. Bibi alinifunga ushungi, akaniambia, "Jibu polepole, na useme kwa nguvu." Akatuambia hivyo sote, mmoja mmoja. Wenzangu walidhani anatufunza ujasiri.

Uwanjani tulikalishwa kwenye majamvi, wao safu moja na sisi safu moja, shehe kando yetu, sote tumeelekea upande wa wanawake. Nilipoona hivyo nilishusha pumzi. Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa ya wanawake wenziwe, anatuona midomo yote. Mwenzangu akijibu, mimi simtazami yeye, namtazama Bibi. Kila mara kilipita kitambo kidogo, kisha Bibi akasema, "Ni yangu." Aliikataa moja tu, na kweli ilikuwa mbovu. Wale wa ng'ambo nao walijibu vizuri. Watu wakaanza kusogea karibu, hata wauza kahawa wakaacha kugonga vikombe. Tulipomaliza, vyuo vilikuwa sawa kwa sawa.

Shehe akasema litakuwa swali moja, na watalijibu wadogo kuliko wote wa kila chuo. Kwetu mdogo nilikuwa mimi. Akatuita tusimame mbele yake, na yeye alikuwa amekaa upande wa wanaume. Nikasimama, nikaenda, na nilipofika pale ndipo nilipofahamu kwamba Bibi yuko nyuma yangu.

Swali lenyewe lilikuwa la kwetu hasa. Mtu ameanika karafuu zake uani, yumo katika sala ya faradhi, mara mvua inaanza kunyesha. Afanye nini? Yule mwenzangu wa ng'ambo akajibu haraka kwamba asiikate, aimalize, kwani sala ni bora kuliko mali. Watu wakaguna kwa kuridhika, wengine wakasema mashallah. Mwalimu wake akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Ni yangu."

Sasa zamu yangu. Nilihisi jasho limenishuka mgongoni. Nilikuwa na jawabu nyingine kichwani, jawabu niliyoisikia kwa Bibi zamani tukichambua karafuu, lakini baada ya mashallah zile sikuwa na hakika nayo tena. Huenda niliota. Na hata kama ni kweli, Bibi angeikubalije jawabu asiyoisikia? Atasema "Ni yangu" kwa kubahatisha, au atanyamaza, na akinyamaza watu wote watajua. Niliiona njia ya Chokocho mbele yangu kama niko juu yake.

Nikageuka. Nikampa mgongo shehe wa mjini, mbele ya wazee wote wa Mgogoni, nikamtazama Bibi usoni, nikafungua mdomo vizuri.

"Aikate sala, Mwalimu. Aanue karafuu zake, kisha asali upya."

Miguno iliyotoka pale bado naisikia. Kwetu mtoto hampi mgongo mkubwa anayemsemesha, seuze shehe. Bibi alinitazama, na kitambo kile kilikuwa kirefu kuliko vyote vilivyopita. Nikaona nimekosea, nimemvunjia chuo chake kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha akasema, "Ni yangu."

Nilipogeuka tena, shehe alikuwa amekunja uso. Hakulizungumza swali. Aliniuliza nani aliyenifunza kumpa mgongo mkubwa. Hapo niliona kila kitu kimekwisha, kwa sababu chuo kisichofunza adabu ni chuo gani? Nikisema kweli, nimemfichua Bibi. Nikinyamaza, nimemtia aibu. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Jawabu nimeipata kwake, Shehe," nikasema. "Nimemrudishia mwenyewe aitazame."

Shehe akaniangalia, kisha akamwangalia Bibi kwa juu ya kichwa changu. Nami nikaibia kutazama. Wanawake wote walikuwa wameshika midomo kwa fadhaa, na Bibi peke yake katikati yao alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyekaa barazani kwake. Hakusikia hata neno moja la yale tuliyosemezana.

Shehe akanyanyuka. Akavaa makubadhi yake, akavuka uwanja mpaka upande wa wanawake, akasimama mbele ya Bibi kwa heshima, akasema polepole, kila neno peke yake, "Mwalimu, jawabu ni sahihi. Mali ikihofiwa kupotea, inajuzu kuikata, kisha isaliwe upya. Chuo ni chako."

Watu walidhani anamtukuza kwa ushindi. Mimi nilijua.

Tulirudi nyumbani tukiwa wawili, wenzangu wametangulia mbio kupeleka habari. Bibi alikuwa mbele, mimi nyuma, kijia ni chembamba. Tulipofika kwenye mteremko akaniuliza, "Tangu lini umejua?" Aliniuliza bila ya kugeuka, macho yake mbele. Nikamjibu hata hivyo, nikiuambia mgongo wake, kwamba ni tangu mwaka jana, na kwamba sitamwambia mtu. Akaendelea kutembea.

Aliendelea kufunza mpaka nikaolewa, mimi nimekaa ubavuni pake, mtoto akikosea namgusa Bibi goti. Kisha akafa, na chuo kikafa naye. Baraza ilibomoka kwa mvua za masika, leo pale pamelimwa muhogo, na wanaopita hawajui kwamba kuna watu walisoma hapo. Hofu ile nilidhani siku moja nitashukuru kwa kuondokana nayo. Leo ningeichukua tena yote, jasho na machozi na Chokocho yake, kwa sababu tangu afe Bibi sijapata mtu mwingine wa kumwogopea namna ile.